Uzinduzi wa Prosesa ya Sekondari ya Ng'ambo ya Reli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani kutoka Mikumi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Maalumu ya Kulinganisha Bei za Mtandaoni, ambao wote ni ndugu zangu kikazi na wawili ni ndugu zangu wa damu. Viongozi wetu wa dini. Mkuu wa Shule, Mwalimu Hildegarda. Wazazi, wakulima, wafugaji na vijana wa bodaboda, itifaki izingatiwe: shikamooni wakubwa, na wadogo nawapa marahaba kabla hamjanisalimia, ili tuokoe muda. (Makofi.)

Ndugu wananchi, mimi Cornel, Mwenyekiti wenu, nimesimama hapa nikiwa na furaha isiyo na mfano. Mtakumbuka kwamba kompyuta pekee ya shule yetu ilizimika, na fundi Evance wa pale sokoni Kilosa akaifungua, akasema kilichokufa ni prosesa, yaani ubongo wake, na kwamba mpya inauzwa kwenye maduka ya mtandaoni. Fundi akatoa simu, akataka kuagiza papo hapo. Nikamshika mkono. Kiongozi makini hanunui kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, na hakuna mama hapa anayenunua nyanya bila kupita meza ya pili. (Akina mama wanaitikia.) Ndipo ikazaliwa Kamati.

Sasa, kwa kuwa bei ya mahindi Kimamba si bei ya mahindi Mikumi, Kamati iliona, kwa jicho la kitaalamu, kwamba duka la mtandaoni nalo lazima lifunguliwe katika kila mji ili kubaini bei ya kila mji. Tukalifungua Kilosa, tukaona bei. Tukapanda gari mpaka Mikumi, tukalala, asubuhi tukafungua duka lilelile, bei ileile. Je, tulikata tamaa? Hatukukata! Tulirudi tena na wajumbe wengi zaidi, tukiamini kwamba safari ya kwanza muuzaji alitutambua. (Kicheko.) Nacheka pamoja nanyi. Duka la pili la mtandaoni lilikuwa na bei nafuu, ila halikuonyesha sura ya muuzaji, na sisi tumelelewa kumwangalia mtu usoni ndipo tumwombe apunguze. Hata hivyo tulimwandikia kwa adabu, tukaanza na shikamoo, na ndani ya sekunde moja akatujibu kwamba ujumbe wetu ni muhimu sana kwake. Mimi ofisini kwangu sijawahi kumjibu mwananchi kwa kasi hiyo.

Kufuatia mchakato shirikishi, benchmarking ya kina na data analysis ya wadau wote, prosesa yetu iliwekwa kikapuni. Nasema kikapu cha mtandaoni. Imo humo tangu mwaka jana, haijaibwa, haijanyeshewa. Utekelezaji umefikia asilimia tisini na saba, na zile tatu zilizobaki ni kitendo kidogo tu cha kulipa. (Vigelegele kutoka meza ya Kamati.) Bei iliposhuka, tulisubiri ishuke zaidi. Ilipopanda, tulikataa kununua kitu kilichopanda. Huo ndio uongozi.

Naona Mzee Masunga amesimama. Shikamoo, mzee. Huyu ni mfugaji wetu, aliyepeleka ng'ombe dume mnadani ili kuchangia prosesa hii, kwa sababu binti yake, Kija, yuko kidato cha nne, na mtihani wa vitendo wa kompyuta ni Jumatatu. Mpeni kipaza sauti.

(Mzee Masunga: "Marahaba. Ng'ombe nilimtoa mwenyewe, simdai mtu. Nauliza tu, Jumatatu mwanangu atabonyeza nini?")

Swali zuri sana, linaonyesha uelewa. Mzee, ng'ombe wako amefanya makubwa. Ametupeleka Mikumi na kuturudisha, ametulaza, ametununulia bando, ametulisha kuku. Sijui ng'ombe mwingine wilaya hii aliyefika mtandaoni. (Minong'ono. Mwalimu Hildegarda anafunika uso kwa kitenge.) Mwalimu alikuwa amenidokeza kwamba wanafunzi wamekuwa wakijifunza kwa kibodi iliyochorwa ubaoni kwa chaki, na kwamba Kija anaijua kwa kufumba macho. Huo ni ubunifu, na Kamati inaupokea kama mafanikio yake.

Linganisha kwanza! (Wajumbe: "Kwanza!") Bei za mtandaoni! (Wajumbe: "Zishuke!") Prosesa! (Sauti moja kutoka nyuma: "Iko wapi?")

Nashukuru kwa hamasa hiyo. Nawashukuru wapishi, nawashukuru wenye viti mlivyokalia, namshukuru mke wangu, ambaye ni Mhazini. Na kabla hamjatawanyika, Katibu ananikumbusha niliweke sawa jambo moja: tulichounda siku ile ni mradi wa kulinganisha bei, nao leo tunaufunga kwa mafanikio makubwa, mradi wa kununua prosesa haukuwahi kuwapo, kwa hiyo asitokee mtu akasema umeshindwa. Kija, binti yangu, wewe Jumatatu bonyeza tu kwa kujiamini, Kamati nzima iko nyuma yako. Asanteni kwa kunisikiliza.