Iain Mmoja Tu

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Barua ya kamati imefika. Jumamosi ukoo wote wa Gillis wa Glen ya Juu unakutana katika ukumbi wa parokia. Miaka mia mbili tangu babu Alasdair na bibi Mór washuke melini hapa Cape Breton kutoka Uskoti. Kutakuwa na fidla, pai, chai iliyokolea, na hotuba ndefu za watu wanaoishi Toronto. Hayo si kitu. Aya ya mwisho ndiyo iliyonisimamisha na kikombe mkononi. Mawe ya kusagia ya bibi Mór, yote mawili, la juu na la chini, yatakabidhiwa watu wa kizazi cha Iain, mtoto wa kwanza, yakae kwao moja kwa moja.

Mimi ni wa Iain! Lauchie wa Sandy wa Hughie wa Angus wa Iain. Naweza kuyataja hayo usingizini. Mke wangu Effie anasema huwa nayataja.

Tatizo ni binamu Wilena. Mwenyekiti wa kamati. Mawe yako kwake, bustanini, kayapandia maua. Naye anasema ni wa Iain. Haiwezekani. Alasdair alikuwa na Iain mmoja tu. Mmoja wetu anadanganya, na mimi najijua.

Nimempigia simu. Akasema, kwa sauti yake ya mwalimu mstaafu, kaka Lauchie tulia kwanza, kuna jambo nataka kukueleza siku nyingi. Nikamwambia atalieleza mbele ya ukoo. Nikakata. Nikafurahi kama dakika tano hivi.

Effie anauliza mawe yale ya nini, na mgongo wangu huu. Si mawe. Ni baba. Katika kila mkutano marehemu baba aliketishwa meza ya mlangoni, pamoja na wakwe na dereva wa basi. Watu wakimuuliza, na wewe ni wa nani? Akijibu ni wa Iain, wanatabasamu namna ile. Alipofariki nilikuta ameandika kwa penseli ndani ya kitabu chake cha sala: Sisi ni wa Iain. Jumamosi watamsikia.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Chumba cha chini cha kanisa, saa nne nzima na vitabu vya ubatizo. Kikohozi. Padri kanipa glavu na kunionya nisilambe kidole ninapofunua kurasa. Nilikuwa nimeshalamba.

Nimempata! Iain, mwana wa Alasdair na Mór, kabatizwa Mei 1820. Mwingine hayumo kitabu kizima. Mmoja tu, kama nilivyosema.

Nimemwonyesha Effie nakala. Akauliza: si mlisema walifika mwaka wa 1819 na watoto sita? Sasa huyo wa kwanza amebatizwaje mwaka uliofuata, akiwa na ndevu? Nikamfafanulia kwamba siku hizo padri alipita mara moja kwa mwaka, watu walichelewa. Akauliza kama huko Uskoti hakukuwa na mapadri. Effie ni wa akina MacLellan. Ni watu wazuri lakini nasaba hawaielewi.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Nimekwenda kwa Shangazi Teenie, dada wa baba. Miaka tisini na mitatu, na ukoo mzima uko kichwani mwake bila karatasi. Nimepeleka biskuti za oti na siagi ya Effie. Chambo. Akazitazama biskuti, akaniuliza ninataka nini. Nikasema sitaki kitu, ni mapenzi tu. Akasema mapenzi yangu kwa kawaida huja mikono mitupu.

Nikamwomba ataje nasaba. Akafumba macho, akaanza kwa Kigaeli, lugha ya wazee wetu wa Uskoti, mguu ukipiga sakafu taratibu. Vizazi kumi na kimoja kupanda, bila kukwama hata mahali pamoja, kisha akateremka kwa Mór na watoto wake, mmoja mmoja. Nywele zilinisimama. Mwanamke yule hakupita darasa la sita, na hakuna ofisi ya kumbukumbu inayomfikia. Akiondoka yeye tutabaki tunabahatisha.

Mimi Kigaeli changu ni sala mbili na maneno ya kumfukuzia ng'ombe aliyevunja uzio. Kwa hiyo nilitikisa kichwa kukubali. Mahali fulani akafumbua macho, akaniuliza swali refu. Nikasema ndiyo. Akauliza jingine, mkono wake shavuni kwangu. Nikasema bila shaka, shangazi. Machozi yakamlenga. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema kwa lugha ya kila siku kwamba alikuwa na wasiwasi ningeumia, kumbe mwanangu una moyo mpana hivi.

Simu yangu ya kurekodia ilizimika kizazi cha saba. Sijui nimekubali nini. Lakini nimebusiwa. Nahesabu ni ushindi.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Wilena ametundika ukutani ukumbini mfarishi wake, blanketi kubwa la vitambaa vilivyounganishwa. Nilikwenda kwa kisingizio cha kuazima viti, niukague.

Hapa hakuna anayesoma, basi niseme kweli. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona katika ukumbi ule. Miaka mitatu ameushona kwa mkono. Mti mzima, mizizi yake imo baharini, matofaa mia nne na zaidi, kila tofaa na jina lake. Waliozama wameandikwa kwa uzi wa buluu. Waliokufa wachanga kwa uzi mweupe, na ni wengi. Nikalitafuta tofaa la baba. Lipo. Na juu yake amemshonea kofia, ile kofia yake yenye kifuniko cha sikio moja. Hakuna aliyemwomba aweke kofia. Nikajifanya natazama viti.

Halafu nikaona kosa. Kwenye watoto wa Alasdair na Mór ameandika Iain juu kabisa, wa kwanza, na Iain tena chini kabisa, wa saba. Mara mbili! Miaka mitatu ya kushona, mwalimu mzima, na hilo limempita. Nilicheka peke yangu ukumbini.

Kisha nikafikiri. Watu mia tatu wataona Iain wawili siku ya ushahidi wangu, waanze kuuliza maswali ya kipuuzi. Si vizuri, hata kwa Wilena mwenyewe. Ataaibika. Nikatoa kisu changu kidogo. Nimemfumua yule wa chini, kwa kuwa wa juu ndiye wa kwanza, ndiye wangu. Mshono wa Wilena ni mgumu kama tabia yake. Dakika ishirini. Matawi sikuyafuata yanakokwenda, maana mafundi wa taa walikuwa wanaingia. Uzi nimeutia mfukoni. Huu ni wema, na wala sidai shukrani.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Mvua. Nimefanyia hotuba mazoezi mbele ya kuku. Effie anasema wametaga kidogo leo.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Niliinuka kabla sijaitwa, Wilena akiwa bado anakaribisha wageni. Nikasoma cheti cha ubatizo. Nikasema kwa sauti, Iain mmoja tu! Mtu mmoja wa Toronto akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Shangazi Teenie akaja mbele na fimbo yake. Akaniambia, mwanangu, mimi na wewe si tulizungumza Jumatano? Ukumbi ukacheka. Kisha akasimulia, safari hii kwa lugha ambayo hata mimi ninaijua. Mtoto wa kwanza alizaliwa Uskoti, akaitwa Iain kwa jina la baba wa Alasdair, ndiyo desturi yetu. Watu wa Wilena ni wa huyo. Lakini baba wa Mór naye alikuwa Iain, na yeye alibaki ng'ambo, hakutaka kupanda meli. Majira ya baridi ya kwanza hapa ikaja barua kwamba amekufa. Mór alikuwa na mimba. Aliyezaliwa akamwita Iain, ingawa Iain wa kwanza alikuwa hai, maana jina la baba yake halingeishia kwenye theluji. Wakawa Iain Mkubwa na Iain Mdogo, nyumba moja, meza moja.

Nani hajui desturi hiyo? Kila nyumba ya Glen ina majina mawili mawili. Mimi mwenyewe nina binamu watatu wanaoitwa Donald, ndugu wa tumbo moja. Ningepaswa kujua.

Akaendelea. Toka pwani mpaka Glen ni maili kumi na mbili, msitu mtupu, hakuna njia. Alasdair alikuwa na homa. Mór alitangulia mbele, jiwe la chini mgongoni, Iain Mdogo tumboni. Nyuma yake Iain Mkubwa, miaka kumi, na jiwe la juu kifuani. Bila mawe hayo msingekuwepo hapa mkila pai, alisema. Mawe yenyewe yalikuwa yameletwa ukumbini, nikalisukuma lile la chini kwa mguu. Halisogei. Sijui yule mama aliumbwa na nini.

Kisha akanyoosha fimbo kwenye mfarishi, awaonyeshe Iain Mdogo. Pana tundu.

Na kutoka kwenye lile tundu, sasa niliuona wazi, tawi linateremka kwa Angus, kwa Hughie, kwa baba na kofia yake, kwangu. Hatukuwa tumeshikwa na kitu. Baba yangu alikuwa ananing'inia hewani, na aliyemkata ni mimi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, hata ile siku nilipozoa uzio wa padri pamoja na theluji.

Wilena akatazama tundu. Akanitazama mimi. Akautazama mfuko wangu, ambamo uzi mwekundu ulikuwa umechungulia. Akawatangazia watu kwamba ukumbi huu una panya. Akaomba sindano. Akaketi palepale, watu wote wanatazama, akaniita nimshikie uzi. Akaninong'oneza kwamba Jumatatu alitaka kuniambia nikamkatia simu. Nikamwambia nisamehe, dada. Akasema shika uzi, kaka, unaulegeza.

Alipomaliza akachukua jiwe la juu, la Iain Mkubwa. La chini akasema ni langu, Iain Mdogo alisafiri nalo. Kamati haikuulizwa. Nikapelekwa meza ya mbele. Yule wa Toronto akauliza, na huyu ni wa nani? Meza nzima ikajibu kwa pamoja: wa Iain. Nililia, na sikujificha.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Wanaume wanne wameleta jiwe, liko jikoni. Effie analizunguka na ufagio. Baada ya misa nimeapa mbele ya kaburi la baba kwamba nimekoma. Hila basi. Wilena ni mwanamke wa kuheshimiwa na sitamwonea wivu tena.

Mchana nikakaa nalitazama jiwe. Nikafikiri tu, bila nia yoyote. Mór alitangulia mbele, hivyo ndivyo shangazi alivyosema, watu mia tatu ni mashahidi. Iain Mkubwa alikuwa nyuma. Iain Mdogo alikuwa tumboni, na tumbo liko mbele. Basi nani alifika Glen wa kwanza?

Mtoto wa kwanza wa Glen ya Juu ni mmoja tu. Nimeanza barua kwa kamati kuhusu lile jiwe la juu. Pia ule mfarishi una tofaa moja limekaa juu mno.

Nimemuuliza Effie kisu changu kidogo kiko wapi. Anasema hajakiona. Nadhani amekificha.