Shomoro Kumi na Wawili wa Bunlue

“Samaki kwanza, mama! Watoto wamechoka.”

“Buddha kwanza! Nimekalia kiti cha treni usiku kucha nije kutazama samaki? Samaki nawakaanga nyumbani.”

Ratsami na mama yake, Bibi Khamphan, walikuwa wakivutana hivyo mkabala na lango la hekalu la Buddha aliyelala, jua la Bangkok likiwachoma utosini. Wajukuu wawili walikaa juu ya begi, mmoja akilia, mwingine akimsaidia. Ndani ya bajaji iliyoegeshwa jirani, Bunlue aliacha kuchokonoa meno. Familia ya mkoani, inayogombana, yenye bibi mcha dini! Riziki kama hiyo kuiacha ipite ni dhambi.

“Shikamoo bibi,” akasema, viganja kaunganisha kifuani. “Msigombane. Hekalu limefungwa mpaka saa tisa. Watawa wanasali.”

“Na wale wanaoingia?” akauliza Ratsami.

“Wale? Ndugu wa watawa.”

Kabla Ratsami hajafungua mdomo, Bunlue alikwisha kupakia begi. Akawapeleka kwenye madhabahu ndogo kando ya mfereji, ambako tundu la shomoro kumi na wawili lilining'inia kivulini.

“Wafungue hawa, bibi. Kila ndege huru ni thawabu yako.”

Thawabu ilikuwa ya kweli. Uhuru ndio uliokuwa na walakini. Shomoro hao Bunlue aliwafundisha miezi saba, kwa mluzi wa kuwaita kwenye mtama. Ukiwafungua, walizunguka mara moja angani, kisha wakaenda zao ng'ambo ya mto, nyumbani kwake, kwenye mtama. Aliwauza kila asubuhi, na mvua isiponyesha, jioni pia. Hakuwa na kazi nyingine, maana hata bajaji ilikuwa ya shemeji yake.

Akataja bei. Bibi akalipa papo hapo, bila hata kuguna. Mwanamke wa mkoani asiyeomba apunguziwe! Mtu mwangalifu angeshtuka. Bunlue alitabasamu.

“Haya, bibi, fungua.”

“Nifungulie hapa?” Bibi akalipakata tundu. “Nadhiri niliiweka hekaluni kwetu Ubon. Nitawafungulia huko huko. Treni yetu ni ya jioni.”

Tabasamu la Bunlue likabaki limesimama peke yake, halina pa kwenda. Ubon ni mwendo wa usiku mzima. Ni shomoro gani angerudi kutoka huko?

“Bibi, ndege wa mjini hawaiwezi hewa ya mashamba!”

“Watazoea. Mimi nilimzoea babu yao hawa.”

Kumkatalia kungemfichua. Ikabidi amlainishe. Akatangaza kwamba siku hiyo atawatembeza bure, kokote watakako. Hata hekalu, kumbe, lilikuwa limefunguliwa mapema.

“Miujiza,” akasema Bibi Khamphan.

Wakamwona Buddha aliyelala, mrefu hata watoto wakapotea upande wa miguuni. Wakaenda kuwaona samaki kwenye jumba lao la matangi ya vioo. Bibi alidai miguu inamuuma, akabaki kwenye bajaji na tundu lake, pamoja na kikapu cha wali wa kunata. Bunlue akaingia ndani na mjukuu mdogo mabegani, aliyemkojolea kidogo mbele ya papa. Akawanunulia watoto barafu ya nazi. Akamkandamiza bibi mabega. Kila baada ya muda alichungulia chini ya kitambaa kilichofunika tundu: shomoro walikuwepo, wote kumi na wawili.

Wali ulikwisha mchana. Kikapu bibi alikifunga kwa kamba, mafundo matatu.

Jioni, stesheni, akiwa na mguu mmoja ngazini, bibi aligeuka.

“Mjukuu wangu, umetufaa sana leo. Wafungue wewe, hapa hapa. Buddha ataelewa.”

Bunlue nusura ambusu. Akavua kitambaa, akafungua mlango. Shomoro wakatoka. Mmoja akatua kwenye mwavuli wa muuza tambi. Wawili wakaingia darini. Wengine wakatawanyika kila mmoja na njia yake, kama wageni waliokutana tu safarini. Hakuna aliyezunguka. Hakuna aliyeelekea mtoni.

Akapiga mluzi wa mtama. Kimya.

Akapiga tena. Akajibiwa kwa milio ya shomoro dirishani mwa treni, kutoka ndani ya kikapu cha wali.

“Mwizi!” akapiga kelele.

“Wa nini, nimelipa!” akajibu bibi dirishani. “Hao uliowafungua nimewanunua kwa mama mmoja pale kwenye samaki. Nusu ya bei yako!”

Treni ikasogea. Bunlue akautazama mji, akaitazama bajaji, akasikia miezi saba ya maisha yake ikilia kikapuni.

“Mpe shemeji!” akamrushia muuza tambi ufunguo. Akakimbia, akadaka nguzo ya mlangoni, akadandia.

Bibi Khamphan alikwisha kumsogezea nafasi. Mkononi alikuwa na tiketi.

“Umechelewa. Hii yako nilikata ulipokuwa unashusha begi.”

“Mama!” Ratsami akashika kichwa.

“Ulijuaje, bibi?” Bunlue alikuwa akihema.

“Miaka ishirini niliuza kobe wa kuachiwa mtoni. Kobe nao hurudi, mwanangu, ila wanachelewa mno. Ndege nilikuwa nimepata. Nilikosa mluzi.”

“Nusu kwa nusu?”

“Theluthi. Na kikapu unabeba wewe.”

Bunlue akakipakata kikapu.