Nafsi Ina Elektroni Ngapi?

Jumatatu, 3 Machi

Siamini macho yangu! Nimeazima maktaba kitabu kinene cha falsafa ya Veda, maandiko ya kale ya Uhindi, nikiweke chini ya mguu wa meza unaocheza. Nikakifungua tu. Lo! Wahenga wa Kihindi walishaijua atomu! Kitu kilichomo ndani ya kila kitu, hakionekani, hakifi. Kama si atomu ni nini? Ila mpiga chapa ovyo kabisa, kila mahali kaandika "atman". Nimemsahihishia "atomu" kwa wino mwekundu, ukurasa kwa ukurasa. Mkono unauma.

Ijumaa anakuja mkaguzi kuteua mkuu wa idara ya sayansi. Ni mimi wa fizikia au Bi Kemia wa darasa la jirani, anayenukia spiriti tangu asubuhi. Nitatoa mhadhara: Veda na Fizikia ya Kisasa. Cheo hicho nakisubiri tangu nina nywele.

Jumatano, 5 Machi

Bi Kemia kauliza mbona nachekacheka peke yangu. Nikamwambia hayamhusu.

Mke wangu kanishauri nimtafute anayeijua Veda kabla sijasimama mbele za watu. Nimeduwaa! Nyumbani kwangu mwenyewe! Nikamkumbusha kuwa mwalimu wa fizikia ni mimi, yeye anafundisha ushonaji. Akasema haya baba, akarudi kwenye cherehani yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu! Sina pa kuuweka uso.

Nilianza vizuri. Nikachora atomu ubaoni, kiini katikati, elektroni zikizunguka. Nikatangaza kuwa ndiyo hiyo "atman" ya Veda, kosa la mpiga chapa tu. Mkaguzi akavua miwani. Kumbe falsafa hiyo kaisomea chuoni! Akasema kwa upole kwamba atman ni nafsi. Halafu akauliza, nafsi ina elektroni ngapi?

Si ningenyamaza? Mdomo ukaniponza. Nikasema nane.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu wa shule alicheka mpaka akashika mbavu, na chai yangu kanywa asubuhi ile ile! Mkaguzi akaeleza kwamba Veda inafundisha kuwa vyote ni kimoja, na fizikia nayo ina chembe mbili zilizofungamana, ziko mbalimbali lakini hazielezeki moja bila nyingine. Akaongeza kuwa hayo mawili yanafanana kwa mbali tu, tusiyachanganye. Hapo nilikuwa nafuta ubao, sikusikia vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Kateuliwa Bi Kemia! Chaki ilinidondoka.

Ila nimetuliza akili. Vyote ni kimoja. Basi mimi na Bi Kemia tumefungamana, ni kitu kimoja, na cheo chake ni changu. Nikabeba kiti changu mpaka ofisini kwake, nikamweleza kisayansi, hatua kwa hatua. Akaniambia nitoke kabla hajamwita mlinzi. Nikatolewa, mimi na kiti.

Mpaka sasa nimepigwa na butwaa. Mama wa watu kajifukuza mwenyewe ofisini kwake, na wala hajagundua!