Mkunjo Kwenye Tabaka la Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Mgongo unaniua. Kutwa nzima nabandua fuwele kwa selotepu, tabaka baada ya tabaka, hadi nibaki na lile jembamba kupita yote. Profesa anataka taa ndogo kuliko punje ya vumbi, inayotoa mwanga fotoni moja moja, yaani chembe moja moja ya mwanga. Mkataba umebaki mmoja na sisi tuko wawili: mimi na Miwani, jirani yangu wa meza. Ijumaa mmoja anafungasha. Nina watoto watatu! Tabaka lake limenyooka, halina doa. Langu, takataka tupu.

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake nimeipata. Miwani alipotoka kunywa chai, nimelichokoa tabaka lake kwa ncha ya sindano. Mkunjo! Mbaya, unaonekana wazi kwenye hadubini. Nimerudi kwangu napiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Hata kuandika nimechoka. Miwani ameomba radhi: tabaka limejikunja, hajui kwa nini. Profesa akasema liwekwe tu chini ya leza. Likawaka! Palepale penye mkunjo. Fotoni moja, kisha moja, hakuna mbili zilizotoka kwa pamoja. Profesa kamkumbatia. Langu nalo liliwaka. Profesa akachungulia, akasema kinachowaka ni gundi ya selotepu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Profesa anataka taa ya pili. Ametangaza kwamba atakayeeleza ule mkunjo ulitokeaje, mkataba ni wake. Miwani akakiri hajui. Nyumbani mke wangu kaniambia niseme, tulale usingizi. Nikamuuliza, niseme nilimharibia mwenzangu? Akajibu ndiyo, hivyohivyo. Hajui siasa za maabara huyu.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna aliyeeleza, basi mkataba kapewa Miwani. Mimi nimeongezewa wiki mbili tu, nimsaidie. Kanishika mkono machozi yakimlengalenga, akasema humu ndani hana rafiki ila mimi. Nimeona aibu, kwa kweli. Dakika nzima.

Kisha kaniachia tabaka jipya, safi, nimtunzie hadi Jumatatu. Nimefunga mlango. Nimelikunja kwa kibano sehemu tatu, kwa nguvu zangu zote. Ule mkunjo mmoja ulikuwa bahati yake tu. Tuone sasa kama litawaka!