Tairi la Gari kwenye Pikipiki ya Chanjo

Rumonge, Jumatatu, 9 Machi 1998

Kwa Mzee Cirhuza,
Mwenyekiti wa Kamati ya Afya ya Parokia,
na pia Mjomba wangu, kaka yake mama.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mjomba,

Amahoro. Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu mwezi wa kwanza. Ulisikika mara moja tu, uani parokiani, mbele ya kamati nzima: pa! Tulilala chini sote. Mweka hazina alijitupa uvunguni mwa benchi, wewe ukakumbatia mguu wa meza, na wanawake waliokuwa wakiuza samaki wa ndagala ng'ambo ya barabara waliacha mabeseni yao wakakimbilia kwenye michikichi. Aliyebaki amesimama ni fundi Asmani peke yake, pampu mkononi, akitutazama kama watu walioshikwa na sala ya ghafla.

"Imekaa," akasema.

Haikuwa risasi. Lilikuwa tairi la gari, likiruka kuingia kwenye janti, chuma cha gurudumu la nyuma la pikipiki ya chanjo, mahali ambapo waliolitengeneza hawakulikusudia hata kidogo. Mliinuka, mkajipangusa vumbi, mkapiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza sababu, naieleza kwa maandishi.

Pikipiki yenyewe sina ugomvi nayo. Ni kubwa, ya safari ndefu, ina masanduku mawili ubavuni na kioo cha kuzuia upepo, na padri aliyetuachia alipokuwa akirudi kwao alisema imeshazunguka nusu ya Afrika. Najua pia kwamba tairi lake la nyuma lilikuwa limekwisha hadi nyuzi zikaonekana, na kwamba kwa vikwazo hivi vya biashara tulivyowekewa na majirani hata sabuni ni ya kutafuta. Lakini najua jambo moja ambalo kamati hailijui. Kila Alhamisi dereva wetu Darius anaendesha, na mimi nakaa nyuma yake, sanduku la chanjo na barafu nimelifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, kutoka hapa mpaka kambi ya waliohama makwao kule Kigwena. Barafu ikiyeyuka njiani, chanjo imekufa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu majaribio. Kamati ililijaribu tairi kwenye uwanja wa mpira, kutoka goli moja hadi la pili. Darius alikwenda sawasawa. Alipofika mwisho alishuka, wanaume wanne wakaigeuza pikipiki kwa mikono, akapanda tena akarudi sawasawa. Katika ripoti mkaandika: "Tairi limefaulu kwenda na kurudi." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo mtu mmoja katika wajumbe tisa aliuliza kama barabara ya Kigwena ina magoli.

2. Kuhusu kona. Tairi la pikipiki lina mgongo wa mviringo, linakubali kulala pikipiki inapoinama. La gari ni bapa, linataka kusimama wima. Darius akiinama kushoto, tairi linakataa, na sisi wawili tunabaki tunaning'inia upande mmoja kama watu wanaohamisha kabati. Nilisoma fizikia miaka minne, Mjomba, kwa karo uliyosaidia kulipa, kwa hiyo nilikuchorea mchoro wenye mishale. Uliutazama kwa muda mrefu. Ukaniambia, "Mwanangu, mchoro ni mzuri sana, lakini gari iko na matairi ine ya namna hii, na haianguki." Kisha ukaukunja ukautia chini ya mguu wa meza, ambayo tangu siku hiyo haiyumbi. Nakiri kwamba elimu yangu imefaa kitu.

3. Kuhusu uzito wangu. Darius alipowaambia kwamba kwenye kona pikipiki inajiendea moja kwa moja kuelekea ziwani, kamati ilikaa kwa muda wa saa mbili ikagundua kosa: abiria ni mwepesi. Mkaazimia niongezwe. Shangazi, mkeo, akaniletea ugali wa muhogo na mawese kwa juma zima, akikaa mbele yangu mpaka nimalize. Niliongezeka kilo moja na nusu. Kona hazikuona tofauti.

4. Hapo ndipo mlipopitisha azimio la saba, ambalo najua kwa moyo: "Ili kulinda maisha yake, abiria atashuka kabla ya kila kona, ataitembea kwa miguu, na atapanda tena barabara ikinyooka." Kati ya hapa na Kigwena nimehesabu kona kumi na moja zinazostahili azimio hilo. Darius anazipita polepole, miguu ikiburuta chini, mimi nakuja nyuma na sanduku langu mgongoni. Kwenye kona ya tatu anauza mawese Mama Biasha, na hajawahi kukosa la kusema.

"Muganga, mumegombana tena na bwana yako?"

"Si bwana yake," mwenzake anamjibu. "Ni pikipiki ndiyo imemufukuza."

"Basi arudi kwao. Pikipiki yenye kufukuza bibi kila juma haina heshima."

Nimewazoea. Kwa koplo wa bariyeri, kile kizuizi cha jeshi barabarani, nimeshindwa. Aliniona nikifika kwa miguu, akaona karatasi yangu ya njia imeandikwa pikipiki, akanizuia. "Dada, uko na miguu ao uko na pikipiki? Kwa kitabu changu ni lazima nichague." Nilimweleza azimio la saba. Alilisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwenzake ili nilieleze tena. Tulikaa hapo dakika arobaini. Unajua vizuri kwamba barabara inafunguliwa na jeshi saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi, na kwamba katikati hapo jua halingoji kamati ya mtu yeyote.

5. Lalamiko hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tarehe 26 Februari tulifika Kigwena sanduku likiwa na maji ya vuguvugu. Dozi sitini za surua nilizimwaga chini, mbele ya akina mama waliokuwa kwenye mstari tangu alfajiri, kwa sababu ni heri wanione nazimwaga kuliko wanishuku naziuza. Mama mmoja aliniuliza kama sasa udongo hautaugua. Hakuwa akitania. Alitaka kujua. Siku nne baadaye surua iliingia kambini. Kwenye ripoti yenu ya mwezi nimeona mmeandika, "Safari zilifanyika zote, hakuna ajali." Ni kweli. Hongereni.

6. Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kuwa kamati imeshaamua kwamba tairi halina kosa, naomba ichukue hatua zinazofuata kwa mantiki hiyo hiyo. Iwaandikie wanaohusika na barabara wainyooshe. Wakijibu kwamba barabara inapinda kwa kufuata ziwa, basi kamati ilihamishe ziwa, mita mia mbili hivi, kuelekea Kongo. Wengi wetu tuna ndugu upande ule, watatusogezea. Ikishindikana, Kigwena ihamishwe iletwe kwenye goli la pili la uwanja wa mpira, maana mpaka huko tairi letu limethibitishwa. Ikiwa kazi hizi zitaonekana nzito, nashauri jambo dogo: Asmani alitoe tairi la gari leo hii, na pikipiki isiguswe mpaka tairi lake halisi lifike kwa boti kutoka Kigoma. Mimi kwa upande wangu sitapanda tena kitu hicho. Nimekwisha amua, na nasema hivyo kwa heshima zote.

Nisalimie Shangazi, na umwambie chakula kilikuwa kizuri. Salamu kwa mweka hazina, kwa katibu anayeandika ripoti zenye matumaini, kwa wajumbe wote kila mmoja kwa jina lake, na kwa wote wa nyumbani. Nawatakia barabara iliyonyooka.

Mpwa wako na mtumishi wa chanjo,
Rachelle Cikuru

Nyongeza, Ijumaa tarehe 13. Barua ilikuwa bado haijaondoka. Jumatano Darius alishikwa na malaria, na habari ilifika kwamba kambini watoto kumi na wawili wana surua na wawili wamekufa. Jana saa tatu nilifunga sanduku mgongoni nikaendesha mwenyewe. Nimekaa nyuma ya Darius miezi mingi nikitazama mikono yake, na nimegundua anakosea. Tairi hili halitaki mtu ainame. Linataka usukani usukumwe taratibu, bila kuachia mpaka kona iishe, kama mtu anavyozungumza na mjumbe wa kamati. Kona zote kumi na moja nilizipita nimekaa. Baada ya bariyeri kulikuwa na mabaki ya lori lililochomwa, misumari na maganda ya risasi barabara nzima. Tairi la pikipiki lingepasuka hapo, hili lilipita. Barafu ilifika ngumu. Nimechanja watoto tisini na wanne.

Niliporudi nilikuta boti ya mfanyabiashara Mwanahamisi imeleta kutoka Kigoma lile tairi halisi mliloliagiza. Nililipokea kwa sahihi yangu. Leo asubuhi nimemrudishia, naye amenipa bidoni nne, madumu yaliyojaa mafuta ya taa, nikazipeleka Kigwena kwa safari mbili. Friji ya kituo cha afya cha huko, iliyozimwa tangu Krismasi kwa kukosa mafuta, imewaka saa sita, na dozi zilizobaki zimo ndani. Tairi la gari litabaki pale lilipo. Yote niliyoandika juu ni kweli, na karatasi ya kuandikia upya sina. Ufunguo wa pikipiki ninao mimi.