Vyumba Viwili vya Mama

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimepima uani mara tatu. Kutoka ukuta wa jiko hadi michongoma ya jirani yangu Iddi ni hatua kumi na nne. Vyumba viwili na choo vinaingia, na kamba ya kuanikia nguo inabaki. Iddi anavyo vitatu uani kwake, vyote vina wapangaji, na kila asubuhi anapiga mswaki barazani akivitazama. Nimevumilia miaka sita. Mimi niliyeshuka Same kutoka Vudee na gunia moja la tangawizi, leo nina duka la vifaa vya ujenzi! Mpangaji nimeshapata: Sumaiya, nesi, hana mtoto, hana redio. Tofali 900 ninazo. Tatizo mafundi. Wanataka bei ya ghorofa.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata njia. Nilimwendea Aminieli, mwenyekiti wetu wa kitongoji, nikamwomba aitishe msaragambo. Akasema watu hutoka kufanya kazi ya pamoja kwa ajili ya mfereji au shule, si kwa uani wa mtu mmoja. Nikainamisha kichwa. Nikamwambia ni nyumba ya mama yangu, mjane, miaka sabini na nane, yuko Vudee na magoti yamekataa mlima. Magoti ni kweli. Aminieli akavua kofia. Tangazo litatolewa kanisani na msikitini.

Mke wangu Agape aliuliza kama mama anajua. Nikasema mama hana simu. Akasema basi Mungu anayo, akaendelea kuchambua maharage.

Jumamosi, 9 Agosti
Watu thelathini na mmoja! Nilitegemea kumi na wawili. Iddi alifika wa kwanza, na toroli lake na wapangaji wake wote. Aliniambia mama yake alifariki yeye akiwa bado anakusanya mchanga wa kumjengea. Nikampa koleo.

Hadi jioni ukuta ulikuwa umefika madirishani. Mafundi wangekula siku tisa. Makande debe mbili, yameisha. Upepo ulipoanza, wazee wakashauri mlango ugeuzwe, mama asipigwe na baridi. Wakaugeuza. Sasa unatazamana na sebule yangu. Mpangaji hatapenda. Lakini ningesema nini?

Jumamosi, 16 Agosti
Bati kumi na sita, zote zimekaa. Wamesali. Iddi ameleta kitanda cha marehemu mama yake. Nilikataa mara mbili, akakiingiza mwenyewe. Halafu, akifunga kamba za toroli, akanieleza kwamba Alhamisi alipopeleka chumvi na sabuni gulioni Vudee alimpitia mama, akampa hongera ya nyumba. Mama alilia, anasema.

Jioni sikula.

Jumanne, 19 Agosti
Mama ameshuka. Mabegi mawili, kuku wanne, na jiwe lake la kusagia. Nilimwamkia, nikamuuliza atakaa siku ngapi. Akanitazama. Nyumba ya Vudee ameshamkabidhi mdogo wangu Clemence, mbele ya wazee wa ukoo. Na migomba. Mashina mia moja na arobaini! Alipita chumba kwa chumba akigusa ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akakaa kwenye kile kitanda.

"Miaka yote hii nilidhani umenisahau, Eliezeri. Nimekusema vibaya kwa watu. Unisamehe, mwanangu."

Nikatoka nje kuangalia bati. Bati hazikuwa na tatizo.

Jumatano, 20 Agosti
Sumaiya amefika na godoro kabla sijamzuia. Nilipotoka dukani mama alikuwa ameshampa chumba cha pili. Bure! Atampima presha asubuhi na jioni, wamekubaliana. Nikataja kodi. Mama akauliza kodi ya nini, kwani nyumba ni ya nani? Nyuma ya michongoma Iddi akaitikia kwamba ni ya kwake mama, watu thelathini na mmoja ni mashahidi.

Kuku wanalala kwenye tofali zangu zilizobaki.

Jumapili, 24 Agosti
Leo kanisani wamenisimamisha, wakanipigia makofi kwa kumtunza mama. Mama alishika mkono wangu muda wote. Mkono wake umekuwa mwepesi, sikuwahi kugundua. Agape hakupiga makofi.

Nikiwa nimesimama pale nikaliona kosa langu. Iddi huenda Vudee kila Alhamisi, na mimi sikumweka kwenye hesabu. Basi! Upande wa mbele, kati ya geti na tenki la maji, kuna hatua kumi na moja. Chumba kimoja na choo chake. Tofali zimebaki 140, nyingine zitapatikana. Safari hii nitasema ni ya mama mkwe. Mama mkwe yuko Kileo, na Iddi hana biashara Kileo.

Aminieli nimemwambia pale pale nje ya kanisa, Agape akiwa pembeni. Mwenyekiti amevua kofia tena.

Sasa Agape yuko uani anaongea na simu, anacheka. Sijui na nani. Namsikia anauliza atakuja na kuku wangapi.