Yahusu: Honi, Kijiko na Kuhamishiwa Stoo ya Vioo

Kwa Mkuu wa Utumishi, Bi. Colleen Tasker,

Hujambo, mama? Natumaini theluji ya wiki hii haijakuzibia mlango. Mimi ni Verna Lahtinen wa meza ya tatu, ninayejibu barua za wateja ambao madirisha yetu yanapitisha upepo. Kwa hiyo kazi ninayo.

Kama ujuavyo, nina kifafa, na tangu nilipoanguka mbele ya mashine ya kahawa mwezi wa tatu, kelele za ghafla hunivuruga kichwa vibaya. Kaka yangu, mkata miti, alinipa viziba masikio vyake vya rangi ya chungwa, avaavyo anapowasha msumeno. Navivaa tangu naingia mpaka natoka, na mezani nimebandika karatasi: USINISEMESHE. Sasa umeniandikia kwamba, kwa ajili ya utulivu wangu, Jumatatu nihamie stoo ya vioo kule chini. Mama, sihami ng'o! Wahamishwe wenye kelele. Nao ni hawa:

1. Meneja wetu, Bwana Pelletier. Mtu akiuza dirisha, yeye hupuliza honi ya kushangilia magoli ya hoki. Jana aliiweka mdomoni mara tisa. Sikuisikia, siwezi kusema uongo, lakini niliona ofisi nzima ikipunga mikono hewani kama inafukuza nyuki. Watu hawapungi mikono hivyo mahali penye utulivu.

2. Clifford na karoti zake mbichi. Taya zake naziona. Taya zile haziwezi kuwa kimya. Naomba ofisi imwamuru ale viazi vya kuponda, na asivitafune.

3. Kijiko cha Rhonda. Tangu siku ile nilipoanguka, Rhonda anakivaa shingoni kwa kamba, eti nikianguka tena anitie mdomoni. Daktari alishasema wazi: mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, tazama saa, na mdomoni usitie kitu. Nilimwambia, "Rhonda dada yangu, mimi si mtindi." Akaniandikia kwenye karatasi: "Acha ubishi, Verna, hiki ni cha dharura." Kijiko hicho kinagonga vifungo vya sweta yake siku nzima. Nakiona kikigonga.

4. Kutazamwa. Kila siku, saa nne kamili asubuhi, wote wanageuka kunikodolea macho. Clifford huacha hata karoti. Hawabanduki mpaka nimeze dawa yangu, ndipo wanarudi kazini. Je, mimi ni sinema? Nakiri kwamba wasingenikodolea macho ningesahau dawa, lakini hilo halihusiani.

5. Magari ya kusukuma theluji. Halmashauri iandikiwe ili yavishwe soksi za sufu. Na bata wa porini, wanapokwenda kusini, wazungukie ng'ambo ya ziwa. Nipo tayari kuchora ramani.

Mama, niseme jambo moja bila mzaha. Stoo ni tulivu, nakubali. Lakini nikianguka kule, nani ataniona? Naogopa, mama. Naogopa kulala sakafuni peke yangu katikati ya vioo mpaka mtu aje kutafuta fremu. Hapa juu wana kelele, ila ni watu.

Wasalimie wote wa ghorofa ya pili, msalimie na yule mama wa mapokezi aliyeniletea supu nilipolazwa. Clifford usimsalimie mpaka ameze.

Wako anayetaka kubaki meza ya tatu,
Verna Lahtinen

Nyongeza: Nimevua viziba masikio kwa sababu vinanibana taya nikilamba bahasha. Ilikuwa saa nne kamili. Mama, jogoo akawika! Akawika ofisini, kwa sauti ya kuamsha maiti, kutoka kwenye mkoba wangu. Ni kengele ya simu yangu ya kunikumbusha dawa. Niliiweka mwenyewe siku niliyotoka hospitali, nikaipandisha mpaka mwisho, kisha nikaziba masikio. Amewika miezi minane na hakuna aliyelalamika. Kumbe walikuwa wakigeuka kuhakikisha nimemeza. Honi nayo, kumbe Bwana Pelletier aliitoa kilimi, kile kinachotoa sauti, mwezi ule ule wa tatu. Huiweka tu mdomoni, wao wanapunga mikono kushangilia bila kelele.

Nimewaomba radhi wote, nikataka kumzima jogoo. Rhonda akanipokonya simu: "Thubutu! Ukimzima huyo, kesho saa nne nawika mwenyewe."

Kwa hiyo malalamiko namba moja, mbili, nne na tano yachane. La kijiko liache.